Munganga wa Oicha

Mara hii tumechagua maisha ya Dokta Carl Becker. Hapa Ruashi si wengi wanaomujua, lakini kule Beni na Ituri wazee walimuita tu Munganga, kama vile hakuna mwingine.

Alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alikuwa na kazi nzuri ya udaktari katika muji mudogo wa Boyertown. Mwaka 1929 aliiacha, akaja Kongo pamoja na bibi yake Marie kwa kazi ya misheni. Kisha, katika miaka ya 1930, akafika Oicha, kaskazini ya Beni, pembeni ya pori kubwa.

Pale njo alikuta wenye ukoma. Siku zile dawa ya kuwaponya haikuwako. Kulikuwa sindano za mafuta ya chaulmoogra, zinauma sana na kusaidia kidogo. Mara nyingi mugonjwa alitengwa na watu wake, akae peke yake mupaka kufa. Munganga angeweza kusema hakuna la kufanya, na hakuna mutu angemulaumu. Hakusema hivyo. Wagonjwa walipewa udongo karibu na hospitali, wajenge, walime, wakae na jamaa zao. Ikawa kijiji kizima.

Tueleze kidogo, maana wengine wanafikiri ukoma ndio unaokata vidole. Hapana. Ugonjwa unaua hisia za ngozi. Mutu anashika chungu cha moto na hasikii, anakanyaga mwiba na hajui, kidonda kinaoza. Kwa hiyo kuosha kidonda na kukifunga kila siku ni matibabu kweli, hata kama siku zile ugonjwa wenyewe haukupona.

Maneno hayo yalituchoma. Mwaka jana nkambo wetu alilala kitandani miezi mitatu. Tulimupeleka kwa munganga moja, akamuangalia dakika tano, akasema ni uzee, turudi naye nyumbani. Vidonda vya mugongo hakuviona, sababu hakumugeuza. Ni mama aliyejifunza kwa jirani kumugeuza usiku na muchana na kumuosha kwa maji yaliyochemshwa. Nkambo alikufa, lakini mugongo wake ulikuwa umepona.

Turudi kwa Becker. Kisha vita kuu ya pili, dawa mupya za sulfoni zilifika. Alizitumia kwa uangalifu, akiandika hali ya kila mugonjwa, na maelfu walitibiwa Oicha.

Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, alikimbilia Uganda. Alikuwa na miaka 70! Mwingine angerudi kwao kupumuzika. Yeye alirudi Kongo, na huko Nyankunde, karibu na Bunia, misheni mbalimbali ziliunganisha nguvu kuwa na hospitali moja kubwa na masomo ya wauguzi. Aliona kwamba munganga moja hawezi kufika kila kitanda. Alifanya kazi mupaka miaka ya 1970, akiwa amepita miaka 80, na akafariki Marekani mwaka 1990.

Mwezi wa tisa 2002 Nyankunde ilishambuliwa, na wagonjwa wakauawa hata kitandani. Hospitali iliharibiwa. Kisha, pole pole, ilianza kujengwa tena.