Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Yatima Aliyekuwa Baba



Anapotajwa marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, watu hukumbuka kalamu yake na vita vyake dhidi ya bid'a, na hukumbuka ukadhi wake. Hayo yote ni haki yake, na katika kurasa hizi tumeshayaeleza. Lakini sira za wanavyuoni zina desturi moja isiyotupendeza: huanza na nasaba, zikaruka hadi kwa masheikh waliomsomesha, zikamaliza kwa orodha ya vitabu, kana kwamba mtu huyo hakupata kubebwa mgongoni wala hakupata kubeba mtoto. Leo tumeona heri tumtazame Sheikh kwa upande huo uliosahauliwa.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, alikuwa miongoni mwa wanavyuoni wakubwa wa pwani hii, na kwa ajili ya mijadala yake ya dini alitiwa gerezani katika enzi ya Sayyid Barghash, asipate kutoka mpaka baada ya Sayyid Barghash kufariki mwaka 1888. Basi mtoto huyu alikuja wakati baba amekwisha kuwa mtu mzima sana, ametoka katika mtihani, na bila shaka nyumba ilimfurahia. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1894 Sheikh Ali alifariki dunia, na Al-Amin hata miaka minne ya kizungu alikuwa hajaitimiza.

Tumwulize msomaji wetu: mtoto wa umri huo anamjua vipi baba yake? Hajui kuwa ni Sheikh, wala hajui kuwa watu wanasimama akipita. Anaijua sauti yake, harufu ya udi katika kanzu yake, na mkono unaomwinua kutoka chini. Al-Amin alinyang'anywa hayo mapema mno hata asiweze kuyakumbuka vizuri. Jina la baba lilibaki, na vitabu vilibaki, lakini jina na vitabu havimlei mtoto.

Aliyemlea ni jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali bin Khamis Mazrui, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma kwa marehemu Sheikh Ali. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mwanafunzi alichukua ilimu kutoka kwa mwalimu wake, kisha mwalimu alipoondoka, mwanafunzi akaileta ilimu ile ile kwa mwana wa mwalimu. Haikuwa sadaka ya siku moja, kama hizi tunazozitoa siku ya Ijumaa tukarudi nyumbani tumeridhika na nafsi zetu. Kumlea mtoto wa mwenzio ni kumlisha kila siku na kumvisha, kumwamsha alfajiri, kumsikiliza akisoma juzuu yake na kumrudi anapokosea, mwaka baada ya mwaka. Sheikh Sulaiman alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi, na ukadhi pia aliushika. Juu ya hayo alimsomesha yule yatima mwenyewe, na alipokua akaingia katika ilimu za juu, Al-Amin akawa anakwenda Unguja kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, wale wawili ambao pwani nzima iliwategemea mpaka walipofariki mwaka mmoja, 1925.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alilelewa hivyo. Baba yake alifariki kabla ya yeye kuzaliwa, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, kisha ami yake Abu Talib. Labda ndiyo sababu tukisoma Hadithi tunamwona ana subira na watoto wadogo ambayo wakubwa wengi hawana. Alisalisha watu hali amembeba Umama, binti wa binti yake Zaynab. Akirukuu na kusujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Siku nyingine alirefusha sijida hata watu wakadhani kumetukia jambo, kumbe mjukuu wake amempanda mgongoni, naye hakutaka kumharakisha. Palikuwa na mtoto mdogo, Abu Umayr, mwenye kijindege chake cha kuchezea. Kijindege kilipokufa, Mtume alimwuliza habari zake kwa upole na mzaha. Na alipombusu mjukuu wake Hasan, akatokea bwana mmoja wa Banu Tamim, Al-Aqra bin Habis, akajisifu kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja wao. Mtume alimjibu kwa kumfahamisha kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Wako akina Al-Aqra wengi katika miji yetu, na baadhi yao huswali safu ya mbele.

Turudi kwa Sheikh wetu. Alipokuwa mtu mzima, yatima huyu hakuwa mtu wa kukaa barazani kupiga soga. Alilolipenda ni kusoma na kuandika. Alisoma maandiko ya wanamageuzi wa Misri, Sheikh Muhammad Abduh na mwanafunzi wake Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar, akayaleta mawazo hayo Mombasa kwa lugha ambayo muuza samaki angeifahamu. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Baadhi ya makala ya Sahifa yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi, ambacho kila nyumba ya Kiislamu ya pwani ingefaa kuwa nacho. Humo aliwalaumu Waislamu wenziwe kwa israfu katika arusi na matanga, na kwa kuwaacha watoto wao bila ya ilimu ya dini wala ya dunia, huku wakilalamika kuwa wageni wamewapita. Aliandika pia juu ya ndoa na talaka, jambo ambalo mtu mwenye kukaa mahkamani huliona kwa macho yake kila asubuhi.

Na alikuwa na shauku nyingine, ya jamaa yake. Aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya Mazrui wa Mombasa, walioutawala mji huo mpaka utawala wao ulipoangushwa mwaka 1837. Kazi hiyo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, miaka mingi baada ya yeye kufariki. Huenda mtu akasema hayo ni kujifakhiri kwa nasaba. Sisi hatuoni hivyo. Aliyempoteza baba kabla ya kumjua ana haki ya kutafuta ametoka wapi, na tena kuwatafutia watoto wake.

Lakini kazi yake inayotugusa zaidi leo ni kijitabu kidogo, Hidayatul Atfal, yaani uwongofu wa watoto. Mwanachuoni wa daraja yake, mwenye uwezo wa kujibizana na maulamaa kwa Kiarabu fasihi, aliona si aibu kukaa akaandikia watoto. Masheikh wengi huona kazi hiyo ni ya mwalimu wa chuo, na mwalimu wa chuo huona ni ya mama.

Mwaka 1932 Sheikh alifanywa Kadhi wa Mombasa. Tarehe 24 Februari 1933 alizaliwa mwanawe Ali. Hesabu miaka: katika siku za kazi kubwa za baba ndipo mtoto huyu alipokuwa akitambaa, akisimama, akianza kutamka. Na mwaka 1937, Sheikh alipopandishwa akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, Ali alikuwa na miaka minne, karibu na umri ule ule ambao Sheikh mwenyewe alifiwa na baba. Mwana alikipita kizingiti kile baba yake yupo hai. Nyumbani alisikia Kiswahili, katika dini akafunzwa Kiarabu, na shuleni akakutana na Kiingereza, na baba hakukiogopa hata kimoja katika hivyo. Ali alipokuwa mtu mashuhuri alieleza mara nyingi kuwa mawazo yake juu ya urithi wa Afrika, ule wa asili, wa Kiislamu na wa kimagharibi, yalianzia katika utoto huo wa Mombasa.

Tunalisema hili kwa sababu linatuhusu. Katika darsa hili wamo ndugu waliotoka Mombasa, Lamu na Malindi wakaja huku Rongo kutafuta riziki, wakafungua maduka katika njia ya Kisii na Migori au wakafanya kazi kwenye miwa ya Awendo. Watoto wao wachanga wamebaki pwani, na humjua baba kwa sauti ya simu na kwa fedha zinazofika mwisho wa mwezi. Kutafuta halali ni ibada, hatulaumu mtu. Ila tunamwuliza ndugu yetu anayepata likizo ya wiki mbili, akafika nyumbani Jumamosi, na Jumapili akawa barazani mpaka usiku: mtoto huyo atamzoea lini? Nao walio pwani, ambao wana mtoto wa ndugu yao katika mtaa, wamemwona Sheikh Sulaiman alivyofanya.

Sheikh Al-Amin alifariki tarehe 1 Aprili 1947. Alikuwa ameianza tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili na hakuimaliza; mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu naye, akaishughulikia sehemu iliyoachwa mpaka ikatolewa. Mwanafunzi wake mwingine, Sheikh Abdallah Saleh Farsy wa Unguja, alitoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Ali aliachwa na umri wa miaka 14. Baba alikuwa amenuia kumpeleka Al-Azhar asome dini, na mauti yakaizuia nia hiyo. Kijana akaishia Manchester, New York na Oxford, akawa profesa wa siasa Makerere na kisha Marekani. Wapo waliosema kuwa mwana wa Kadhi ameipotea njia ya baba. Sisi tunaona mtu aliyetumia maisha yake kuandika na kubishana, na kuwatetea Waislamu mbele ya wasiowajua, hakwenda mbali sana na ile nyumba ya mwenye Sahifa.

Ali naye alifariki Marekani, mwezi wa Oktoba 2014. Alikuwa ameusia arudishwe Mombasa, na huko akazikwa katika makaburi ya Mazrui, karibu na Fort Jesus. Mwenyezi Mungu awarehemu wote, baba na mwana, na Sheikh Sulaiman aliyemlea baba.