Maisha ya Askofu Edward Steere

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, na ninyi wadogo zetu mlio madarasani leo, kila tukutanapo hutolewa habari za mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha tangulia. Safari hii nimemchagua Edward Steere, Askofu wa tatu wa misheni ya U.M.C.A. Sababu nitaieleza mwishoni, maana inanihusu mimi mwenyewe.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma University College ya huko, na mwaka 1850 akapata shahada ya udaktari wa sheria. Lakini moyo wake ulikuwa katika falsafa na dini. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya kuwapo kwa Mungu na sifa zake, tena akahariri maandishi ya Askofu Joseph Butler, mwanafalsafa mkubwa wa Uingereza wa karne ya 18. Mwaka 1858 akawa padre, akatumika katika vijiji vya Lincolnshire. Mtu wa elimu hiyo angaliweza kukaa kwao na vitabu vyake. Badala yake, mwaka 1863 alimfuata rafiki yake Askofu Tozer kuja Afrika, na mwisho wa Agosti 1864 wakafika Unguja.

Hapo ndipo ninapompenda. Bwana huyu mwenye udaktari wa sheria alikaa kitako kama mtoto wa chuoni. Aliwaomba wenyeji wa mji wamsimulie hadithi zao, naye akaandika walivyosema, wala hakuona haya kusahihishwa. Aliweka mtambo wa kupiga chapa, na vijana waliookolewa utumwani wakajifunza kuutumia. Mwaka 1867 alitoa kijitabu cha lugha ya Kishambaa. Mwaka 1870 vikatoka London kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na kile cha hadithi za watu wa Unguja. Kisa cha punda wa dobi, tulichokisoma sote tukiwa wadogo, kimo humo. Baadaye akafasiri Agano Jipya.

Mwaka 1874 alifanywa Askofu, na mwaka uliofuata akaja kwetu huku, akapanda kutoka pwani mpaka Magila, karibu na Muheza. Unguja alisimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kazi ilianza Krismasi ya mwaka huo huo. Alifariki Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya altare.

Lakini tusimpe sifa isiyo yake. Kiswahili hakikungoja Mzungu kije kiandikwe. Washairi wa pwani walikiandika kwa herufi za Kiarabu miaka mingi kabla yake, na hapa kwetu Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi bila kufundishwa na misheni yo yote. Tena Steere alishika Kiunguja, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimtang'ata chetu kilibaki nyuma. Sifa ya Steere ni kwamba alikuja na falsafa kichwani, akaamini kuwa lugha ya wavuvi na wapagazi yaweza kuibeba.

Sasa sababu yangu. Nilipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na mdahalo: je, mtu ana hatia akitenda ubaya kwa kuamriwa? Mwenzetu mmoja alisimama, Kiingereza kikamkatikia njiani, akaendelea kwa Kiswahili. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko zote za usiku ule. Mimi nilicheka kuliko wote, ukumbi ukanifuata. Alikaa chini, wala sikumwona akisimama tena katika mdahalo mpaka tulipomaliza shule.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Steere, nikaona aibu. Mgeni alivuka bahari kuja kujifunza kufikiri kwa lugha yetu, nami, mzaliwa wa pwani hii, niliicheka kinywani mwa ndugu yangu. Na hali Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga mwaka 1909, alikuwa amekwisha kutuonyesha kuwa hakuna fikira iliyo nzito mno kwa Kiswahili.

Wadogo zangu, jifunzeni Kiingereza kwa bidii, kina faida. Lakini mwenzenu akikwama akarudi katika lugha yake, nyamazeni mmsikilize. Na wewe ndugu yangu wa usiku ule, kama gazeti hili litakufikia, nakuomba radhi. Hoja yako naikumbuka mpaka leo.