Erich Auerbach: Myahudi Aliyesoma Mababa wa Kanisa Istanbul

Kila mwaka, masomo ya falsafa yanapoanza, bwaloni husikika swali moja: Kilatini cha nini? Misa tunaadhimisha kwa Kiswahili, na waamini tutakaotumwa kwao hawana haja nacho. Mwaka wetu nasi tuliuliza, tena kwa sauti. Padre anayetufundisha somo hilo hakujibu. Alituandikia jina moja ubaoni, akatuambia tukamtafute mwenye jina hilo maktabani. Tulidhani ni mtakatifu fulani wa Ujerumani ambaye sikukuu yake imetupita. Tulipompata tukakuta hakuwa hata Mkristo.

Erich Auerbach alizaliwa Berlin tarehe 9 Novemba 1892, katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Sekondari alisoma katika shule ya Kifaransa ya mji huo, kisha akaingia sheria, na mwaka 1913 akapata udaktari wa sheria Heidelberg. Njia yake ilikuwa imekwisha kunyooka: mahakama, ofisi, mshahara, heshima ya mtaani. Akaiacha. Akageukia lugha na fasihi za Ulaya zilizozaliwa na Kilatini, yaani Kiitaliano, Kifaransa, Kihispania na ndugu zao. Vita Kuu ya Kwanza vikamkatiza. Alipigana upande wa Ujerumani na kurudi akiwa amejeruhiwa mguuni. Mwaka 1921 alipata udaktari wa pili, Chuo Kikuu cha Greifswald, kwa utafiti juu ya hadithi fupi za mwanzo wa zama za Mwamko huko Italia na Ufaransa.

Somo lake liliitwa filolojia. Kwa asili ya Kigiriki, neno hilo lina maana ya kulipenda neno, kama falsafa ilivyo kuipenda hekima. Sisi wa falsafa tuna tabia ya kujiona tumekaa kiti cha mbele kuliko wenzetu wa lugha, lakini tukitazama kazi aliyoifanya mtu huyu, kiti chenyewe kinatikisika. Mwanafilolojia huchukua kifungu kimoja cha maandishi, pengine mistari ishirini tu, akakaa nacho siku nyingi. Neno hili lilitumiwa na nani kabla ya hapa? Ni neno la ikulu au la sokoni? Sentensi imeunganishwa kwa viungo vingi, au imeachwa na mapengo? Aliyeandika alimwona nani mbele yake akimsikiliza? Kutoka hapo hupanda polepole hadi aione namna watu wa zama zile walivyomwelewa binadamu.

Kwa miaka sita, 1923 hadi 1929, Auerbach alikuwa mkutubi katika Maktaba ya Taifa ya Prussia, Berlin. Hapo alitafsiri kwa Kijerumani, kwa kufupisha, kitabu kikuu cha Giambattista Vico, mwalimu wa ufasaha wa Napoli wa karne ya 18. Kwa Vico alijifunza kwamba historia inaweza kueleweka na mwanadamu kwa sababu ni mwanadamu aliyeitengeneza. Kisha, mwaka 1929, akatoa kitabu juu ya Dante. Watu walizoea kumsoma Dante kama mshairi wa mambo ya mbinguni. Auerbach akamwita mshairi wa dunia. Alionyesha kwamba wafu wa Dante hawageuki kuwa vivuli. Farinata anainuka katika kaburi la moto akiwa bado na kiburi cha chama chake cha Firenze, na jirani yake Cavalcante anauliza tu habari za mwanawe. Hukumu ya Mungu haikufuta nafsi zao, imezikamilisha zilivyokuwa. Tuliofundishwa juu ya mambo ya mwisho kwa michoro ya ubaoni tulinufaika sana na kurasa hizo.

Kitabu hicho kilimfikisha Marburg. Mwaka 1930 alikalia kiti cha uprofesa kilichoachwa na Leo Spitzer, Myahudi mwingine na bingwa mwingine wa lugha hizo hizo. Miaka mitatu baadaye Hitler akashika madaraka, na sheria ikatolewa ya kuwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali. Auerbach aliachwa kwa muda kwa kuwa aliwahi kupigana vitani. Sheria za Nuremberg za Septemba 1935 zilipokuja, kinga hiyo nayo ikaisha. Akafukuzwa akikaribia umri wa miaka 43, akiwa na mke na mtoto wa kiume. Tunaona ni vema kulisema hili wazi: waliomtoa walikuwa watu wa chuo, wenye shahada, waliosoma vitabu vilevile alivyosoma yeye.

Mwaka 1936 alifika Istanbul. Atatürk alikuwa amekifumua na kukiunda upya chuo kikuu cha mji huo mwaka 1933, akaajiri wasomi wengi waliokimbia Ujerumani. Spitzer alikuwa ametangulia huko pia, na alipohamia Marekani Auerbach akarithi nafasi yake kwa mara ya pili. Wanafunzi wake walikuwa Waturuki. Mara nyingi alifundisha kupitia wakalimani, na kwa ajili yao aliandika kitabu cha kuwaingiza katika somo lake tangu mwanzo kabisa: filolojia ni nini, lugha zilizotokana na Kilatini zilikuaje, fasihi yake ina vipindi gani. Aliandika kwa Kifaransa, na tafsiri ya Kituruki ikachapishwa mwaka 1944. Vijana hao walikuwa wamekua wakati Uturuki inaacha herufi za Kiarabu na kuchukua za Kirumi, badiliko la mwaka 1928, hata barua za babu zao wengine hawakuweza kuzisoma. Msomaji wetu wa pwani, anayejua kwamba Kiswahili nacho kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, hatahitaji maelezo zaidi.

Hapa ndipo habari yake inapoingia nyumbani kwetu. Auerbach alitaka kuchunguza neno moja la Kilatini, figura, tangu waandishi wa kale wa Roma hadi Dante. Kwa kazi hiyo alihitaji maandishi ya Mababa wa Kanisa, na hayo yamekusanywa katika Patrologia Latina ya Padre Migne, mkusanyo wenye juzuu zaidi ya 200. Mkusanyo kamili ulikuwapo Istanbul, katika konventi ya Wadominikani ya San Pietro, mtaa wa Galata. Lakini maktaba ile haikuwa ya watu wote. Aliyempa ruhusa ya kuitumia ni Mwakilishi wa Kitume nchini humo, Askofu Mkuu Angelo Giuseppe Roncalli. Ni yeye tunayemfahamu leo kama Mtakatifu Papa Yohane XXIII. Wakati huo sheria ya Uturuki ilikuwa imekataza mavazi ya kidini hadharani, na Roncalli alipita barabarani amevaa suti kama watu wengine. Tunapenda kuwawazia hao wawili wakisalimiana, mmoja bila kanzu yake na mwingine bila nchi yake, ingawa ruhusa huenda ilitoka kwa karatasi tu.

Alichokipata katika juzuu zile alikichapisha mwaka 1938. Tertuliano anasoma kwamba Musa alimbadilisha Hoshea jina akamwita Yoshua, jina lile lile la Yesu, na anaona Yoshua akiwaingiza watu katika nchi ya ahadi kuwa figura ya Kristo. Anasoma usingizi wa Adamu na ubavu uliofunguliwa, anaona kifo cha Kristo na Kanisa linalozaliwa ubavuni mwake. Sisi tungesema haraka kwamba hiyo ni mifano. Auerbach alikataa. Alisema katika mfano wa kawaida kitu cha kwanza huyeyuka, maana ikabaki. Katika figura vyote viwili vinabaki. Yoshua aliishi kweli, alipigana kweli, na Kristo naye aliishi kweli. La kwanza linalitangaza la pili, na la pili linalikamilisha la kwanza bila kulifuta. Mtakatifu Augustino ndiye aliyelishika wazo hili kwa nguvu zaidi, na Auerbach anamfuata kwa subira ya ajabu.

Mtu anaweza kuuliza, haya yalimsaidia nini mkimbizi? Tukumbuke mwaka wenyewe. Huko Ujerumani, tangu 1933, walikuwapo Wakristo waliodai hadharani kwamba Agano la Kale litupwe nje ya imani kwa kuwa ni kitabu cha Wayahudi. Kardinali Faulhaber wa München aliwapinga kwa mahubiri yake ya Majilio mwaka huo huo. Auerbach hakuhubiri. Alifungua Migne, akaonyesha kwa uthibitisho wa neno kwa neno kwamba Mababa wenyewe waliushika ukweli wa historia ya Israeli kwa mikono miwili, na kwamba bila Abrahamu na Musa wa kweli, jengo lote la Ulaya hadi Dante halisimami. Hakuwataja wenye madai. Tunaamini waliosoma walielewa.

Kuanzia Mei 1942 hadi Aprili 1945, wakati watu wake wanauawa Ulaya nzima, aliandika kitabu kinachomfanya akumbukwe, Mimesis, juu ya namna fasihi ya Magharibi ilivyoonyesha uhalisia wa maisha. Kinaanza na Homer na kitabu cha Mwanzo, kinamalizika na Virginia Woolf. Yeye mwenyewe alieleza mwishoni kwamba Istanbul hakuwa na maktaba ya kutosha kwa masomo ya Ulaya, na kwamba pengine upungufu huo ndio uliowezesha kitabu kuandikwa. Watafiti wa baadaye wamesema aliutia chumvi upungufu huo, kwa maana vitabu vilikuwapo zaidi ya alivyoonyesha. Huenda. Sisi tunaosoma nakala moja tukiwa wanafunzi kumi hatutamlaumu kwa kulalamika.

Sura ya kwanza inalinganisha kovu la Odysseus na safari ya Abrahamu kwenda kumtoa Isaka. Kwa Homer kila kitu kimewekwa mwangani: bakuli, maji, yaya mzee, historia ya kovu. Katika Mwanzo hatujui hata Abrahamu na Isaka walizungumza nini siku tatu njiani, ila maneno machache, na ukimya ule unatubana. (Kwa maoni yetu alimwonea Homer kidogo, huzuni ya Odysseus ina vina vyake.) Lakini sura ya pili ndiyo tuliyoisoma kwa sauti chumbani. Waandishi wa Kigiriki na Kirumi walikuwa na kanuni: mambo mazito na lugha ya juu ni ya wafalme na mashujaa, maskini akiingia, aingie kuchekesha. Tacitus anapoandika uasi wa askari, anamweka askari mmoja ahutubie kwa ufasaha wa Tacitus mwenyewe, kana kwamba kinywa cha mtu wa chini hakina lugha yake. Kisha Auerbach anafungua Injili ya Marko. Usiku, uani, moto, kijakazi anamkazia macho mvuvi wa Galilaya. Petro anakana, anakana tena, jogoo anawika, analia. Hakuna mwandishi wa Roma aliyeweza kuliona tukio la namna hiyo kuwa zito. Ni polisi na mtuhumiwa wa mitaani. Na hapo, anasema Auerbach, kanuni ya kale imevunjika, kwa sababu Mungu mwenyewe alizaliwa kati ya watu wa chini na kufa kifo cha mtumwa.

Baadaye alirudi tena kwa Augustino, aliyeyadharau Maandiko ujanani kwa kuwa lugha yake haikufikia ya Cicero. Auerbach alichunguza neno humilis, linalotokana na neno la udongo: lugha iliyokaa chini, na Mungu aliyeshuka chini, kwa neno moja. Hilo kwa Kiswahili cha tafsiri tungelisoma mara mia bila kulihisi.

Mimesis kilichapishwa Bern mwaka 1946. Mwaka uliofuata alihamia Marekani. Chuo cha Pennsylvania State kilimpa kazi lakini si ya kudumu, kwa kuwa daktari alimkuta na ugonjwa wa moyo. Akapitia Princeton, na mwaka 1950 akaajiriwa Yale. Insha yake ya 1952 juu ya fasihi ya dunia aliimalizia kwa Hugo wa Mtakatifu Viktori, mtawa wa karne ya 12, na fikra zake juu ya mtu na nchi aliyozaliwa.

Alifariki Wallingford, Connecticut, tarehe 13 Oktoba 1957. Tarehe 28 Oktoba ya mwaka uliofuata, aliyempa ruhusa ya kuingia maktaba ya Galata alichaguliwa kuwa Papa.