Sayyid Said na Amri ya Mikarafuu

Ikitajwa Unguja, kitu cha kwanza kumjia mtu puani ni karafuu, na wengi hudhani mti huo ulizaliwa pamoja na kisiwa. Sivyo. Mkarafuu ni mgeni. Kwao ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, na Wafaransa ndio walioupeleka katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Kutoka huko, mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil, akaufikisha Unguja na kuupanda Mtoni na Kizimbani. Lakini aliyeufanya kuwa siasa ya kilimo ya nchi nzima ni marehemu Sayyid Said bin Sultan.

Alizaliwa Oman mwaka 1791, akashika utawala mwaka 1806 angali kijana. Watu wa Mombasa hawamsahau, kwani ndiye aliyewashinda Mazrui mwaka 1837 baada ya miaka mingi ya kuigombania Ngome. Mimi lakini naona jembe lake limedumu kuliko mizinga yake.

Alipoiona faida ya karafuu aliyatwaa mashamba ya yule Saleh, akapanda yake kwa wingi, kisha, kama isimuliwavyo, akatoa amri: kila mwenye shamba, kwa kila mnazi mmoja, apande mikarafuu mitatu, akikataa, anyang'anywe ardhi. Hakuna mkulima aliyeulizwa. Na mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Miaka yote hiyo watoto wale nini? Mwenye mali aliweza kungoja. Mwenye konde lake la mpunga na muhogo angengojaje? Ardhi nono ya magharibi ikaingia mikononi mwa wakubwa, na wenyeji wengi, Wahadimu, wakabaki na ardhi ya mawe ya mashariki na kusini.

Na kazi ikifanywa na nani? Tusifiche. Karafuu huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, kabla ua halijafunguka. Kisha huchambuliwa, vikonyo vikawekwa mbali, zikaanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa. Wingu likitanda, ni mbio za kuanua. Waliofanya kazi hiyo ni watumwa waliotolewa bara kwa nguvu, na fahari yote ya majumba ya Mtoni ilikaa juu ya mabega yao.

Mikarafuu iliyopandwa kwa amri ikaja kuzaa kwa pamoja, na katika miaka ya 1840 bei ikaanguka. Kisiwa kilichoacha makonde yake kikawa chategemea nafaka ya mrima. Baadaye hata mtama wa Malindi ulipakiwa majahazini kupelekwa Unguja, nao ukilimwa na watumwa vile vile.

Sayyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, karibu na visiwa vya Shelisheli, akirudi kutoka Oman. Akaletwa Unguja, akazikwa. Hakuishuhudia tufani ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho kwa siku moja. Pemba haikudhurika sana. Bei ikapanda, Wapemba wakawa na cha kuuza, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka kwao.