William Adams, Rubani Aliyekaa Japani

Twawaletea habari za mtu aliyebatizwa katika kanisa la Gillingham, Uingereza, Septemba 24, 1564, akazikwa Japani. Jina lake William Adams. Kazi yake ilikuwa urubani wa merikebu, maana zamani zile rubani alikuwa mtu wa bahari, si wa angani.

Mwaka 1598 aliwaacha mkewe Mary na watoto wao, akasafiri kutoka Rotterdam na merikebu tano za Waholanzi. Njaa, maradhi na mapigano viliwamaliza. Ndugu yake Thomas, waliyetoka naye, alifia njiani. Aprili 1600 merikebu moja tu, Liefde, iliwasili Japani na watu wapatao 24, na wengi wao hawakuweza hata kusimama.

Huko waliwakuta Wareno, watu wa taifa lile lile lililoanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Mapadre wao waliwashitaki wageni hawa kuwa ni maharamia, wakataka wauawe. Twasikitika kuyaandika hayo juu ya watu wa dini, lakini ndivyo ilivyokuwa. Adams akatiwa kifungoni Osaka. Tokugawa Ieyasu, mkuu mwenye nguvu kuliko wote nchini, akamhoji yeye mwenyewe, kisha akaamua kwamba watu hawa hawajamkosea lolote, basi hana sababu ya kuwaua.

Tangu hapo Ieyasu alimpenda. Adams alimjengea merikebu mbili za namna ya Kizungu na kumfundisha hesabu. Akapewa shamba huko Hemi lenye wakulima 80 au 90, na jina la Miura Anjin, yaani rubani wa Miura. Wale wale waliotaka afe wakaja kumwomba awasemee kwa mtawala, naye akawasaidia.

Ila ruhusa ya kwenda kwao hakupata. Aliomba, akakataliwa. Mwaka 1605 nahodha wake Mholanzi aliruhusiwa kuondoka, yeye akabaki. Kumbe mgeni asiyefaa hufukuzwa, na yule afaaye sana hufungiwa mlango asitoke! Miaka ikapita, akaoa mke wa Kijapani, wakazaa Joseph na Susanna, hali Mary yu hai Uingereza. Hatumtetei, wala hatuna haraka ya kumhukumu. Mwaka 1611 aliandika barua kwa Waingereza asiowajua waliokuwa Bantam, akiwasihi wampashe Mary habari kwamba mumewe yu hai.

Ndipo mwaka 1613 merikebu ya Kiingereza, Clove, ikatia nanga Hirado. Wenzake walitazamia kumpata Mwingereza mwenzao. Walimwona mtu aliyeisifu Japani mno, hata nahodha John Saris akasema moyoni kwamba huyu amekwisha kuwa Mjapani. Naye Adams hakutaka kulala kwao, akaenda kukaa nyumba nyingine. Mwaka huo huo Ieyasu alimpa ruhusa ya kurudi kwao. Alikuwa ameingojea miaka 13. Hakwenda. Aliingia kazi ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka, akabaki pale pale.

Ieyasu akafa mwaka 1616. Mwanawe Hidetada hakuwapenda sana wageni, akawafungia Waingereza biashara yao katika Hirado na Nagasaki tu. Adams, aliyezoea kuingia kwa mkuu wa nchi, sasa alikaa Edo siku nyingi akingoja majibu.

Alikufa Hirado Mei 16, 1620. Mali yake aliigawa sehemu mbili: nusu kwa jamaa yake Uingereza, nusu kwa Joseph na Susanna. Panga zake alimwachia Joseph. Mwishoni mwa mwaka 1621 Richard Cocks, mkuu wa nyumba ya biashara ya Waingereza, alimkabidhi kijana huyo panga hizo, na machozi yakamwagika.