Herma Szabo, Bingwa wa Barafu

Katika nchi za baridi za Ulaya, maji ya ziwa huganda yakawa magumu kama jiwe. Mtoto wa Kalemie, azoeaye kuona mawimbi ya Tanganika mwaka mzima, hatasadiki upesi. Lakini ndivyo ilivyo. Hapo watu huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, mfano wa kisu, wakateleza juu ya barafu.

Herma Szabo alizaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, mwaka 1902. Kwao mchezo huo ulikuwa wa ukoo. Mama yake alishindana, na mjomba wake, Eduard Engelmann, alikuwa bingwa wa Ulaya mara tatu. Tena alikuwa mhandisi. Mwaka 1909 alifungua uwanja ambao barafu yake iligandishwa kwa mitambo. Basi ukoo ule haukungoja tena baridi ya mbinguni.

Mashindano yalikuwa na sehemu mbili. Kwanza mchezaji alichora barafuni kwa chuma cha kiatu, kwa mfano namba 8, na waamuzi wakainama kutazama mistari. Kisha alicheza apendavyo. Herma alikuwa hodari sana. Alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake mara tano mfululizo, toka 1922 hata 1926. Mwaka 1925 alishinda pia pamoja na mwanamume, Ludwig Wrede.

Mwaka 1924 alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Chamonix, Ufaransa. Kati ya wanawake wanane, wa mwisho alikuwa mtoto wa miaka 11 kutoka Norwe, jina lake Sonja Henie.

Mwaka 1927 wawili hao walikutana Oslo, mji wa kwao Sonja. Waamuzi walikuwa watano: Wanorwe watatu, Mwaustria mmoja, Mjerumani mmoja. Wanorwe wote walimweka Sonja mbele. Wale wawili walimweka Herma. Tatu kwa mbili, Herma akashindwa. Sheria ya siku zile haikuvunjwa. Ila je, mizani ilikuwa sawa? Wala tusimdharau Sonja: baadaye alishinda Olimpiki mara tatu.

Baada ya ugomvi huo, wakuu wa mchezo waliagiza kila nchi itoe mwamuzi mmoja tu. Lakini Herma hakurudi tena kugombea ubingwa wa wanawake. Alifariki mwaka 1986.