Mtakatifu Alfonso wa Liguori katika Miaka ya Kiti cha Magurudumu

Tarehe 1 Agosti kila mwaka Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Sisi mafrateri tunamfahamu zaidi kama msimamizi wa waungamishi na wa wanateolojia ya maadili. Miaka yake 19 ya mwisho, aliyoishi akiwa mzee mwenye mwili uliopinda, huzungumzwa mara chache.

Alizaliwa mwaka 1696 Marianella, karibu na Napoli, Italia. Akiwa na miaka 16 alikuwa tayari daktari wa sheria za serikali na za Kanisa. Mwaka 1723 alishindwa kesi kubwa, akaacha uwakili, na mwaka 1726 akapewa daraja ya upadre. Mwaka 1732 alianzisha huko Scala shirika la Waredemptoristi, wawahubirie maskini wa vijijini. Aliweka nadhiri ya kutopoteza muda hata kidogo, na maandishi yake yanapita 100. Mwaka 1762 aliteuliwa kuwa Askofu wa Sant'Agata dei Goti.

Mwaka 1768 baridi yabisi kali ilimshika. Shingo yake ilikunjika hata kidevu kikagandamiza kifua na kufanya kidonda. Tangu hapo mambo madogo ya kila siku yakawa mazito. Mezani alikunywa kwa mrija. Kwa muda hakuadhimisha Misa, kwa kuwa hakuweza kunywa katika kalisi, mpaka mtawa mmoja Mwaugustino alipomwonyesha njia: aketi kitini na kuegemea nyuma wakati wa komunyo. Kiti tu kikamrudisha altareni.

Aliomba kujiuzulu. Inasimuliwa kwamba Papa Klementi XIV alikataa, akiona kuwa sala ya askofu huyo kitandani inalifaa jimbo kuliko ziara nyingi. Papa Pio VI ndiye aliyemkubalia, mwaka 1775.

Alirudi katika nyumba ya shirika lake huko Pagani. Macho na masikio yake yalikuwa yamedhoofika sana, na mwaka 1780 alitia sahihi kanuni ya shirika iliyobadilishwa ili ikubaliwe na serikali ya mfalme wa Napoli. Hakutambua yaliyogeuzwa, aliwaamini wenzake. Papa akazitambua nyumba zilizokuwa katika dola yake tu, na mwanzilishi akajikuta nje ya shirika alilolizaa. Nyumba hizo ziliungana tena mwaka 1793, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Siku zake za mwisho zilikuwa za kusukumwa katika kiti cha magurudumu, kukaa mbele ya Ekaristi Takatifu, na kusali Rozari akisaidiwa na bruda. Ikafika siku akaadhimisha Misa yake ya mwisho. Wasiwasi mkubwa wa dhamiri ukamjia, na yeye aliyewafundisha waungamishi kutuliza mioyo ya watu akalazimika kulitii neno la muungamishi wake. Alifariki tarehe 1 Agosti 1787, wakati wa sala ya Malaika wa Bwana ya adhuhuri, akiwa na miaka 90.

Je, ile nadhiri ya muda aliivunja? Katika falsafa tunajifunza kwamba kutenda hufuata kuwa. Mtu kwanza yupo, ndipo anatenda. Basi kazi zikimwisha, thamani yake haimwishi. Alfonso aliishika nadhiri yake hata kitini: saa ambazo hakuweza tena kuandika wala kuhubiri, alisali na kukubali kusaidiwa. Kwa aliyezoea kuongoza, kukubali kusaidiwa si kazi ndogo.

Katika parokia zetu wapo wazee wasiofika kanisani kwa sababu ya ngazi tatu tu za mlangoni. Tunawapelekea Komunyo nyumbani, na ni vema. Lakini yule Mwaugustino hakuishia kumhurumia askofu. Alitafuta namna ya kumrudisha altareni. Pengine kinachohitajika kwetu ni ubao wa kupandishia kiti, au kijana mmoja wa kukisukuma.

Mtakatifu Alfonso, utuombee.